Integrali mtandaoni: Khan Academy, Paul's Online Notes, MIT au OpenStax?

Muhula wa kwanza, msichana wa S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, aliniletea daftari lake hapa Busia, Uganda, uso umemkunjuka kama mtu aliyemaliza kazi. Swali lilimtaka atafute integrali ya 1/(x² + 1). Chini yake, kwa mwandiko safi, alikuwa ameandika ln(x² + 1) + c. "Mwalimu, moja juu ya kitu si ni logi ya kile kitu?" Nikamwomba atafute derivativu, yaani kasi ya kubadilika, ya jibu lake mwenyewe; jibu sahihi lingemrudisha kwenye 1/(x² + 1). Akaandika 2x/(x² + 1), akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Hii 2x imetoka wapi?"

Kosa hilo linarudi kila mwaka. Mwanafunzi amefundishwa kwamba integrali ya 1/x ni ln|x|, basi kila akiona moja iko juu na kitu kiko chini, anakimbilia logi. Na kila mwaka baada ya kosa hilo naulizwa swali lilelile na wanafunzi, wazazi, hata walimu wenzangu: nyenzo za kalkulasi, hesabu ya derivativu na integrali, mtandaoni ni tele na ni za bure, nishike ipi?

Nimetumia nne kwa muda wa kutosha kuzisemea. Khan Academy ni shirika lisilo la faida lililoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008. Lina video fupi na mazoezi yanayosahihishwa papo hapo, na kozi nzima ya integrali imo. Paul's Online Math Notes ni madokezo ya Paul Dawkins wa Lamar University, Texas, na ni maandishi na mifano, basi. MIT OpenCourseWare, mradi uliotangazwa mwaka 2001, umeweka wazi kozi ya 18.01SC, ambayo ni kalkulasi ya mwaka wa kwanza pale MIT, ikiwa na mihadhara ya Profesa David Jerison. OpenStax inachapishwa na Rice University, na kitabu chao cha Calculus kilitoka mwaka 2016 kwa juzuu tatu, waandishi wakuu wakiwa Gilbert Strang na Edwin Herman. Zote nne ni bure, zote unazisoma kwa Kiingereza, na zote zimetungwa Marekani kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani. Hilo la mwisho lishike, maana litarudi.

Nazipima kwa mambo matano: zinakula data kiasi gani, zinafikishaje wazo la integrali, zinatoa mazoezi gani na majibu ya aina gani, ziko karibu au mbali na karatasi ya UNEB, baraza letu la mitihani, na mwalimu anachota nini humo cha kupeleka ubaoni. Kipimo ninachokijali kuliko vyote ni cha tatu, kwa sababu integrali hujifunzwa kwa kalamu. Mtu anaweza kutazama video saa mbili akiitikia kila hatua, akazima simu, na swali la kwanza likamshinda. Nimeyaona hayo kwa vijana wenye akili nyingi sana.

Data, umeme na simu ya kuazima

Hili ndilo huamua kabla hujachagua chochote. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo mwanafunzi huishika wakati wa likizo tu, na mara nyingi ni ya mama au ya kaka.

Paul's ndiyo nyepesi kuliko zote. Ukurasa wake ni maandishi, na kila sura unaweza kuipakua kwa PDF ukaisoma bila mtandao. Nakushauri upakue kweli, kwa sababu mtandao ukiwa dhaifu fomula huchelewa kujichora kwenye kivinjari, ukabaki na mikwaju na mabano yasiyosomeka. Ndani ya PDF shida hiyo haipo.

OpenStax unaipakua mara moja na imekwisha. Kila juzuu ina zaidi ya kurasa 500, na kwenye simu ndogo PDF yake inachosha kwa kuvutavuta kushoto na kulia. Toleo lake la kivinjari hujipanga vizuri zaidi kwenye kioo kidogo, ila hilo linataka mtandao. Mimi hupendelea kuchapisha sura moja na kuibana kwa stepla.

Khan Academy iko katikati. Video ni fupi, na programu yake ya simu inakuruhusu kuzipakua mapema. Mazoezi, ambayo ndiyo nguvu yake, yanataka uwe hewani. Shule yenye kompyuta ina njia nyingine: Kolibri, programu ya Learning Equality, inabeba video na mazoezi ya Khan kwenye kompyuta moja, na vishkwambi au simu zikaunganishwa nayo humo humo chumbani bila intaneti yoyote. Ni mpango mzuri kweli. Lakini weka nakala. Shule moja niliyofundisha ilikuwa na seva moja tu ya aina hiyo. Siku umeme uliporudi kwa kishindo ikaungua, na kazi ya miaka miwili ikaenda nayo.

MIT ndiyo nzito. Mhadhara mmoja ni kama dakika 50, na hata kwa ubora wa chini hupita MB 100 kirahisi. Bahati nzuri wanaruhusu kupakua, basi dawa yake ni mtu aliyeko chuoni. Vyuo vikuu vyetu vingi vimeunganishwa na RENU, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Uganda, na mwanafunzi mwenye eduroam, ile wifi ya vyuo, anaweza kujaza flashi jioni moja. Mwaka juzi kijana wetu aliyeko Makerere alikuja likizo na mihadhara yote ya integrali kwenye flashi, na ile flashi ilizunguka mtaa mzima kuliko kitabu chochote nilichowahi kuazimisha.

Shule zilipofungwa, zote au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wanafunzi wangu waliokuwa na PDF walisonga mbele polepole. Waliotegemea video walikwama kila bando lilipokwisha. Sikusahau.

Wazo lenyewe linavyofika

Integrali ina milango miwili. Unaweza kuingia kwa kinyume cha derivativu: nipe fanksheni ambayo derivativu yake ni hii. Au unaweza kuingia kwa jumla ya vipande: kata eneo kuwa vipande vyembamba, vijumlishe, kisha vifanye vyembamba zaidi na zaidi. Alama ∫ yenyewe inatoka mlango wa pili. Leibniz aliiandika mwaka 1675 kama herufi S iliyovutwa, S ya neno la Kilatini summa, yaani jumla. Darasani kwangu naiita "alama ya jumla ndefu", na neno jumla kila mtoto wa Busia analijua tangu sokoni.

Nyenzo hizi hazipiti mlango mmoja. Paul's inaanza na kinyume cha derivativu, inafundisha kubadilisha kigezo, na ndipo inaleta suala la eneo. Huo ndio mpangilio tuliouzoea katika A-level yetu, yaani S5 na S6, kwa hiyo mwanafunzi wa Uganda hajisikii mgeni. Khan huanza na eneo: mistatili chini ya mkunjo, alama ya sigma (ya kujumlisha), kikomo. MIT na OpenStax zinaonja kinyume cha derivativu mwishoni mwa sehemu ya matumizi ya derivativu, kisha zinaipa integrali yenye mipaka, ile ya eneo, sehemu yake kamili.

Mlango upi ni bora? Kwa mwanafunzi anayetaka kukokotoa haraka, wa kwanza. Kwa yule anayeuliza "lakini hii ni nini hasa?", wa pili. Yule msichana wa logi alinionyesha kwamba wakati mwingine unahitaji yote miwili siku hiyo hiyo. Derivativu ilimwambia kwamba jibu lake si sahihi, ila haikumfanya aone. Basi tukachora 1/(x² + 1) kutoka 0 hadi 1 kwenye karatasi ya grafu. Mkunjo unaanzia kwenye kimo cha 1 na kushuka taratibu hadi 0.5. Tukaweka mistatili minne chini yake, kila mmoja upana wa 0.25, yote ikiwa ndani, hakuna kona inayochomoza juu ya mkunjo. Vimo vyake ni 0.941, 0.8, 0.64 na 0.5. Tukajumlisha, tukazidisha kwa 0.25, tukapata 0.720. Nikamwambia sasa atumie jibu lake la logi. Linatoa ln 2, yaani 0.693.

Akakaa kimya kidogo. "Lakini mistatili yenyewe imeshapita hapo, na bado kuna nafasi juu yake!" Eneo halisi ni π/4, kama 0.785. Tangu siku ile hajarudia lile kosa.

Mistatili hiyo utaikuta kwenye nyenzo zote nne. Khan inakufanyisha mazoezi yake mengi hadi mkono uzoee. OpenStax ina michoro safi na inaeleza kwa utulivu, ingawa alama za sigma huwatisha wengi kurasa za mwanzo. Paul's inapita hapo kwa namba, bila mbwembwe. MIT ndiyo inayokwenda ndani zaidi: Jerison anasimama na chaki mbele ya ubao, anaeleza kwa nini kanuni inashika, na wanafunzi wake wanamkatiza kwa maswali. Kumwona mwalimu akifikiri ubaoni kuna faida ambayo maandishi hayana. Lakini anakwenda kwa mwendo wa watu waliokwisha kuimudu aljebra, na ambaye bado anasuasua kwenye sehemu na vipeo atapotea ndani ya dakika kumi.

Kama unataka picha tu, wazo likae kichwani kabla ya kukokotoa, kuna mfululizo wa Grant Sanderson wa 2017 kwenye chaneli yake ya 3Blue1Brown, unaohusu kiini cha kalkulasi. Siuweki kwenye mashindano haya kwa sababu hauna mazoezi. Utazame jioni, siku moja kabla ya kuanza sura.

Mazoezi, na jibu linasema nini

Hapa ndipo tofauti inapouma.

Khan inakwambia papo hapo umepata au umekosa, na ukikwama inakupa dokezo hatua kwa hatua. Kwa mtu anayesoma peke yake hiyo ni faraja kubwa, maana haendi kulala na kosa lake. Udhaifu wake ni kwamba maswali mengi ni ya kuchagua au ya kujaza jibu la mwisho, na vijana hujifunza kukisia. Nawalazimisha wangu waandike kila swali la Khan kwenye daftari kabla ya kugusa kioo. Asiye na daftari pembeni, sihesabu kama amefanya.

Paul's ina maswali ya mazoezi ambayo suluhisho lake kamili limefichwa mpaka ulifungue. Unajaribu, unafungua, unalinganisha mstari kwa mstari. Suluhisho hizo zimeandikwa kwa maneno, zinakwambia kwa nini hatua hii na si ile. Mambo mawili humo nayapenda kuliko yote. La kwanza ni sehemu inayohusu mkakati: ukikutana na integrali ambayo hujaambiwa njia yake, uanzie wapi. La pili ni hati yake ya makosa ya kawaida ya hisabati. Lile kosa la ln(x² + 1) limo humo. Nilipomwonyesha yule msichana alishangaa kwamba wanafunzi wa Texas nao hukosea palepale alipokosea yeye.

OpenStax ina maswali mengi sana, yamepangwa kutoka rahisi hadi magumu, na kila mfano unafuatwa na swali dogo la kujipima. Mwishoni mwa kitabu majibu yapo kwa maswali ya namba witiri, na mengi ni jibu la mwisho tu, bila njia. Anayejiamini hilo halimsumbui. Mwanafunzi dhaifu, akiona jibu lake halifanani na la kitabu, hajui kama amekosea au ameandika kitu kilekile kwa sura nyingine. Na kwenye integrali jambo hilo hutokea kila siku. Mmoja anaandika sin²x/2 + c, mwenzake anaandika −cos 2x/4 + c, na wote wawili wamepata, kwa sababu tofauti yao ni konstanti tu iliyomezwa na c. Mwanafunzi asiyelijua hilo hufuta jibu sahihi.

MIT ina mazoezi na mitihani, na suluhisho zake zimewekwa. Maswali ni machache kuliko ya wengine watatu, lakini moja linaweza kukuchukua jioni nzima, na ukilimaliza unajua umejifunza kitu. Haifai kwa mtu anayehitaji kurudia kanuni mara thelathini ili ikae mkononi.

Umbali na karatasi ya UNEB

Katika muundo wa P425/1, karatasi ya kwanza ya hisabati ya A-level, ambao wengi wameuzoea, sehemu A ina maswali manane ya lazima ya alama 5 kila moja, na sehemu B unachagua matano ya alama 12. Alama nyingi zinatoka kwenye njia ya kazi, na ndiyo maana nasisitiza daftari. Hakuna hata moja kati ya hizi nne iliyotungwa kwa ajili ya karatasi hiyo, kwa hiyo mitihani iliyopita haina mbadala.

Kwa mada, zinafunika sehemu kubwa: kubadilisha kigezo, integrali kwa sehemu (integration by parts), kupasua sehemu kubwa kuwa sehemu ndogondogo (partial fractions), maeneo, ujazo wa umbo linalozungushwa. Penye mwanya ni pawili. Kwanza, kuweka t = tan(x/2), mbinu ambayo watungaji wetu wanaipenda, haipewi uzito huo kwenye nyenzo za Kimarekani. Hiyo ichukue kwa mwalimu wako. Pili, wao hutumia muda mrefu kwenye mambo ambayo A-level yetu haikudai, kama ujazo kwa njia ya maganda na mifululizo isiyo na mwisho. Mwanafunzi wa S6 anayefuata kozi nzima ya Khan au Paul's Calculus II kutoka mwanzo hadi mwisho atapoteza wiki kadhaa huko.

Jambo dogo lakini hukwaza: kanuni ya kukadiria eneo tunayoiita ya trapezium katika karatasi ya pili, wao wanaiita ya trapezoid. Ukitafuta kwa jina letu huipati. Hesabu ni ileile. Chukua ile 1/(x² + 1) kutoka 0 hadi 1 kwa vipande vinne, na kanuni hiyo inakupa 0.783, karibu kabisa na π/4.

Waliomo katika mtaala uliopangwa upya, ulioanza na S5 wa mwaka 2025, wanadaiwa zaidi kutumia hesabu kwenye hali za maisha. Hapo OpenStax inapanda, kwa sababu ina matatizo mengi ya matumizi: kazi ya kusukuma maji kutoka kwenye tangi, nguvu ya springi, msongo wa maji kwenye bwawa. Badilisha tangi lao liwe tangi la shule yako, na swali limekuwa letu.

Kwa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu mizani inageuka. Anayeingia uhandisi, iwe Makerere, Kyambogo au hapa jirani Busitema, atakutana na kalkulasi inayofanana zaidi na Paul's na MIT kuliko na A-level, na vile vilivyokuwa vya ziada S6 vinakuwa vya lazima.

Mwalimu anapata nini

Nasema kama mtu anayesimama mbele ya darasa kubwa akiwa na chaki na ubao mmoja. OpenStax imeruhusu kisheria kunakili na kurekebisha, mradi usiuze, utaje ulikotoa, na ulichokirekebisha ukiachilie kwa masharti hayohayo. Kwa hiyo naweza kuchapisha kurasa sita na kuwagawia bila wasiwasi. Paul's ina seti ya pili ya maswali ambayo makusudi hayana majibu mtandaoni, na hayo ndiyo ninayowapa kama kazi ya nyumbani, kwa sababu hakuna pa kunakili. Khan inampa mwalimu ukurasa wa kuona nani amefanya nini, jambo la thamani sana kama kuna chumba cha kompyuta kinachofanya kazi, na lisilo na maana kama hakuna. MIT siipeleki darasani kabisa. Naitazama mwenyewe, nikijiandaa, na mara nyingi natoka na namna mpya ya kueleza jambo nililolifundisha miaka mingi.

Kuhusu lugha: mwaka 2022 serikali iliamua Kiswahili kiwe somo la lazima mashuleni, lakini hisabati tunaiandika kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Darasani kwangu kuna Wasamia, Waganda, Waiteso na wengine waliokulia ng'ambo ya mpaka, na lugha inayotuunganisha tunapobishana juu ya eneo na mkunjo ni Kiswahili. Ubishi tunaufanya kwa Kiswahili, suluhisho tunaliandika kwa Kiingereza. Video ya kigeni haiwezi kunifanyia hilo, na sitegemei iweze.

Vifaa vya pembeni

GeoGebra, programu ya kuchora grafu iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter kule Salzburg, inafanya kazi kwenye simu bila mtandao ukishaiweka. Andika fanksheni, iambie ichore mistatili ya chini, ongeza idadi yake kutoka 4 hadi 40, uone 0.720 ikipanda kuelekea 0.785. Inakwenda vizuri na yoyote kati ya zile nne.

Vikokotozi vya integrali, kama Wolfram Alpha, Symbolab na Photomath, pamoja na programu za akili bandia, ni jambo jingine. Sivikatazi. Sharti langu ni moja: andika jibu lako kwanza, litafutie derivativu, na ndipo ufungue kikokotozi. Mwanafunzi anayeanza na kikokotozi hafiki kwenye ule ukimya wa kujiuliza 2x imetoka wapi.

Kulingana na hali yako

Uko S5, ndiyo unaanza, na una simu yenye data ya kuungaunga wakati wa likizo: Khan kwa wiki mbili, sehemu ya eneo na kinyume cha derivativu tu, daftari likiwa wazi. Kisha hamia PDF za Paul's kwa ajili ya muhula.

Uko S6, wazo unalo, alama hazipandi. Tatizo lako huenda ni kuchagua njia. Paul's, ile sehemu ya mkakati na hati ya makosa, halafu mitihani iliyopita ya UNEB kwa saa. Ukibaki na muda, maswali ya OpenStax ya sura ya mbinu za integrali, ambayo ni sura ya tatu katika juzuu ya pili.

Unasoma hisabati ndogo, S475: mahitaji yako ni mepesi. Khan au kurasa za mwanzo za Paul's Calculus I zinakutosha. MIT na juzuu nzima za OpenStax zitakuelemea bure.

Umemaliza S6 na unangoja chuo, una miezi na rafiki mwenye flashi: MIT. Mhadhara mmoja kwa siku mbili, siku ya kwanza kutazama, ya pili kufanya maswali yake. Ukikwama kwenye aljebra, rudi Paul's, urekebishe, uendelee.

Wewe ni mzazi na hujui kalkulasi, unataka tu mtoto asikae bure: mchapishie sura moja ya OpenStax na umnunulie daftari la mistari na karatasi za grafu. Jioni mwombe akusomee swali moja na kukueleza alichofanya. Huhitaji kuelewa kila neno. Akigugumia, atajua mwenyewe pa kurudi.

Una shule yenye kompyuta kadhaa na mtu wa kuzitunza: Kolibri yenye Khan, na nakala yake ndani ya kabati linalofungwa.

Na kama wewe ni mwalimu, una wanafunzi themanini, ubao mmoja, na PDF moja kwenye simu yako, nakupa nilichofanya Jumatatu iliyofuata baada ya lile daftari la msichana. Andika ubaoni ndugu wanne: x/(x² + 1), 1/(x² + 1), x²/(x² + 1) na 1/(x² − 1). Wanafanana sura, na kila mmoja anatafutwa kwa njia yake. Wa kwanza ndiye wa logi, nusu ya ln(x² + 1). Wa pili ni tan⁻¹x. Wa tatu unagawanya kwanza, ukapata x − tan⁻¹x. Wa nne unampasua kuwa sehemu mbili ndogo. Wape dakika tano wataje njia tu, bila kukokotoa chochote, na kila mmoja aandike jina la njia kabla hajamsikia jirani yake.